Nasoma Zaburi ya 91 kila alfajiri, mbona hofu haiondoki?

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Gongo la Mboto, upande wa Ulongoni. Jioni nauza samaki wa kukaanga karibu na stendi. Saa kumi alfajiri huwa nimeshaamka ili niwahi samaki soko la Feri, na kabla sijatoka lazima nisome Zaburi ya 91. Nimeikariri yote. Siku nyingine nafungua Biblia popote itakapofunguka, naweka kidole, na mstari huo unakuwa neno langu la siku. Nikipata mstari wa baraka, nauza kwa amani. Nikiangukia laana au vita, mchana kutwa moyo hautulii.*

*Usiku wa mabomu, mwaka 2011, nilikimbia na mtoto mgongoni, yule mkubwa akanipotea gizani. Nilikuja kumpata Uwanja wa Uhuru, kati ya watoto wengine waliopotezana na wazazi wao. Namshukuru Mungu hadi leo. Lakini jirani yangu, mama wa kanisa, aliyenifundisha hiyo Zaburi, hakusalimika. Sijawahi kumwambia mtu, ila kila nikifika kwenye zile ahadi za kulindwa, namwona yeye.*

*Radi zikianza usiku nakaa kitandani natetemeka. Mchungaji wetu anasema hofu ni pepo na ni dalili ya imani haba, akaniambia ninunue mafuta ya upako. Nimenunua. Sasa mume wangu hana kazi tangu mwaka jana, na marejesho ya kikoba yananikuta kila Jumamosi sina kitu. Natamani niwe kama wale wanaomtumaini Mungu bila wasiwasi. Nisome vipi ili nifike huko?*

*Mama wa Ulongoni*

Mwanangu, pole kwa jirani yako, na pole kwa miaka yote hii uliyoibeba habari yake peke yako.

Nianze na yeye, maana barua yako yote inamzunguka. Usiku ule wa tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya hapo kwenu yalipolipuka, walikufa watu zaidi ya 20 na mamia wakajeruhiwa. Mabomu hayakubagua nyumba ya anayesali na ya asiyesali. Wenzetu wa Mbagala walikuwa wameyaonja hayohayo Aprili 2009. Kila mtu wa huko kwenu analijua hilo, ila ibadani ni vigumu kulitamka, kwa sababu aliyepona anasimama kutoa ushuhuda na aliyefiwa anakaa kimya kwenye benchi la nyuma. Wewe ni wa mabenchi yote mawili. Mtoto wako alirudi, jirani yako hakurudi.

Jambo hilo lilifika mbele ya Yesu mwenyewe. Fungua Luka sura ya 13. Mnara wa Siloamu, pale Yerusalemu, ulikuwa umeanguka na kuua watu 18. Akawauliza waliokuwapo kama walidhani hao 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa mji, kisha akajibu mwenyewe kwamba sivyo, akawageukia walio hai na kuwaambia watubu. Kwa nini mnara uliwaangukia wale na si wengine, hakueleza. Alichokataa ni ile hesabu yetu ya siku zote, kwamba aliyekufa alipungukiwa na aliyepona ana sifa. Kwa hiyo jirani yako hakufa kwa kupungukiwa imani, na mwanao hakupona kwa sababu ulikuwa umekariri vizuri. Ningependa usome sura hiyo taratibu, hata kama utalia.

Sasa tuje kwenye Zaburi ya 91 yenyewe. Wengi wetu tunaijua kama silaha ya usiku. Wapo wanaoibandika mlangoni, wapo wanaoilaza chini ya mto ikiwa wazi. Lakini angalia inaposomwa tena katika Agano Jipya: Mathayo sura ya 4, juu ya kinara cha hekalu, na anayeisoma ni Shetani. Anamwambia Yesu ajirushe, kwa kuwa zaburi imeahidi malaika watamdaka. Yesu anakataa. Hasemi kwamba zaburi ni uongo, anakataa kuigeuza kuwa mtego wa kumjaribia Baba yake. Baadaye mtu huyohuyo aliyekataa kujirusha aliangikwa msalabani, wala hakuna malaika aliyemshusha, na sala zilizomtoka pale zilikuwa za zaburi nyingine: kilio cha kuachwa cha Zaburi ya 22, na kuikabidhi roho kwa Baba kutoka Zaburi ya 31. Huyo ndiye aliyemtumaini Mungu kuliko binadamu yeyote, na tumaini lake halikumwepusha na msalaba.

Sitaki uiache Zaburi ya 91, mwanangu. Nataka uisome pamoja na zile nyingine 149.

Soma ya 13, ni fupi mno, mistari sita tu, na nusu yake ni malalamiko ya mtu anayeona Mungu amemsahau. Soma ya 88, ambayo haina faraja hata mwishoni, inamalizikia gizani. Watu waliokusanya kitabu hiki waliiacha humo vilevile, hawakuitengeneza ipendeze. Halafu nenda ya 56. Humo utamkuta mtu anayekiri kwamba anaogopa, na katika pumzi ileile anasema anamtegemea Mungu. Hangoji hofu iishe ndipo atumaini. Unaniambia unatamani kuwa kama wale wasio na wasiwasi. Katika Zaburi sijawaona watu hao. Nimewaona wenye wasiwasi waliojua pa kuupeleka.

Hata Biblia yetu ya Kiswahili ilianza hivyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosine. Mwezi Juni mwaka huo alianza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Julai, homa ikawalaza wote wawili, na Rosine akafa, yeye na mtoto mchanga aliyekuwa amejifungua. Krapf alizika, akaendelea kuandika. Kurasa za mwanzo za Maandiko katika lugha hii unayosalia ziliendelea kuandikwa na mtu aliyekuwa na kaburi bichi ng'ambo ya Mombasa. Nakwambia hili kwa sababu umefundishwa kuona aibu kusoma huku unalia.

Kuhusu kufungua popote na kuweka kidole. Naelewa kwa nini unafanya hivyo. Alfajiri ni fupi, daladala haingoji, na wewe unatafuta sauti ya Mungu ya siku ile, jambo ambalo ni jema kulitafuta. Wala mstari mmoja kwa siku si kosa. Wamoravian, ambao kanisa lao limeenea Rungwe na Tabora, wana utaratibu wa neno la kila siku ulioanza kuchapishwa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1731, na maneno hayo huchaguliwa kwa kura. Lakini wao neno hilo hulisoma nyumba nzima, pamoja na sala na nyimbo. Halisomwi ili kumtabiria mtu kama leo samaki watanunuliwa. Tazama umefika wapi: mstari wa baraka, unauza kwa amani, mstari wa vita, siku imeharibika. Hapo unapiga ramli kwa Biblia, mwanangu. Nakwambia kwa upendo. Na ramli haijawahi kumpa mtu utulivu, kwa sababu kesho lazima uipige tena.

Nikuulize kuhusu kikoba chenu. Ni kwa nini unamwachia mweka hazina sanduku lenye jasho lako? Si kwa sababu siku moja alisema neno tamu. Ni kwa sababu umekaa naye Jumamosi nyingi, umeliona sanduku likifunguliwa mbele ya wote, umemwona siku pesa zilipopungua alivyosema ukweli, umemwona alipofiwa. Tabia yake unaijua. Kumtumaini Mungu nako hukua kwa kukaa naye muda mrefu na kuijua tabia yake, na tabia ya Mungu haionekani kwenye mstari mmoja uliokatwa, inaonekana kwenye habari nzima.

Chukua Yeremia 29 mstari wa 11, ule wa mawazo mema ya Mungu na tumaini la siku za mwisho. Ukifungua simu asubuhi, lazima umeuona kwenye stetasi ya mtu. Sasa anza sura hiyo mwanzo. Ni barua, imeandikiwa watu waliotekwa na kupelekwa Babeli, na mstari wa 10, ule ambao haubandikwi, unawaambia utumwa wao utachukua miaka 70. Wengi walioisikia barua hiyo walikuwa wazikwe kulekule. Na katikati ya miaka hiyo wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule wa ugenini. Mtu anayeujua mstari wa 11 peke yake atavunjika moyo kazi ya mume isipopatikana mwezi huu. Anayeijua sura nzima anajua kwamba Mungu anaweza kuwa mwaminifu na safari ikawa ndefu, na kwamba kukaanga samaki wakati wa kungoja ni sehemu ya utii.

Basi fanya hivi. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16 tu, ni fupi kuliko zote nne, nayo inakwenda mbio. Sura moja kwa siku, na ikiwa ndefu igawe. Nimekuchagulia hiyo kwa sababu imejaa watu wanaoogopa. Sura ya 4, wanafunzi wako mtumbwini, maji yanaingia, nao wanamwamsha Yesu kwa ukali kama watu waliokasirika. Anawauliza kuhusu imani yao, lakini angalia anatuliza upepo kwanza, ndipo anauliza. Sura ya 5 kuna baba ambaye binti yake yuko mahututi, na wakiwa njiani Yesu anasimama kumshughulikia mwanamke mwingine, aliyeugua miaka 12, hadi habari inaletwa kwamba binti ameshakufa. Wewe uliyewahi kupotelewa na mtoto usiku utakielewa kile kituo cha njiani kuliko wahubiri wengi. Sura ya 9 kuna baba wa kijana mgonjwa anayekiri mbele ya watu kwamba anaamini na kwamba imani yake ina shimo, anaomba asaidiwe kuliziba shimo hilo, na mwanawe anaponywa siku ileile. Yesu hakumwambia akaijaze imani kwanza ndipo arudi. Na sura ya 14, Gethsemane, ni Yesu mwenyewe anayelemewa na huzuni na hofu hadi anaanguka chini. Ukifika hapo, yakumbuke yale uliyoambiwa kuhusu hofu na pepo, ujiulize kama yanaweza kuwa kweli.

Ukimaliza Marko, rudia. Mara ya pili utaona yaliyokupita. Kisha ndipo uingie Zaburi kuanzia ya kwanza, moja alfajiri na moja usiku. Kama Biblia yako ni ile ya Muungano iliyotoka mwaka 1952 na Kiswahili chake kinakukwamisha, azima Biblia ya Habari Njema uisome kando yake. Ile ya zamani ibaki kwa kukariri, maana ina mdundo unaokaa kichwani.

Kuhusu muda, usijipangie mzigo wa watawa. Saa kumi alfajiri una kama robo saa, nayo inatosha sura moja ya Marko ukisoma kwa sauti ya chini. Soma kwa midomo, si kwa macho tu, kwa sababu macho ya saa kumi huruka mistari. Kwenye daladala huwezi kusoma, taa hakuna na umesimama, lakini Biblia ya sauti kwa Kiswahili ipo, mwombe kijana wako akuwekee kwenye simu usikilize sura ileile uliyosoma. Simu ibaki ndani ya nguo, unawajua mwenyewe wezi wa simu. Nunua daftari dogo la shule. Kila siku andika mambo mawili: Mungu au Yesu amefanya nini katika sura hii, na mimi leo naogopa nini. Usilazimishe la kwanza lijibu la pili. Yaandike tu yakae ukurasa mmoja. Baada ya miezi kadhaa rudi ukurasa wa kwanza usome kuja mbele. Sikuahidi kwamba utaona kila hofu imejibiwa. Utaona ulikuwa na nani siku zote hizo.

Na tafuta mwenzako wa kusoma naye, hata mara moja kwa wiki. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, watu wawili walikaa siku mbili na Biblia: Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa amechoka baada ya njaa kali kule Rwanda alikokuwa akifanya kazi, hospitali ya Gahini. Kila mmoja alikuja akiwa na ukame wake. Walisoma tu pamoja na kusali. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliokuja kufika Bukoba na kuingia makanisa mengi ya Tanzania, watu huufuatilia hadi siku zile mbili. Wewe huhitaji kuanzisha uamsho. Unahitaji mama mmoja wa Ulongoni ambaye naye anatetemeka radi ikipiga, na niamini, kwenye mtaa uliopitia usiku ule yuko karibu kuliko unavyodhani. Mwambie habari ya jirani yako. Mwache naye akwambie ya kwake.

Sasa kutetemeka huko usiku. Mtu aliyepita katika milipuko, mwili wake unaweza kuendelea kuikimbia miaka mingi baadaye, na mlio wa radi ukaurudisha usiku wote. Hilo ni jeraha, nalo linatibika. Nenda hospitali ya Amana au Muhimbili, ueleze kama ulivyoniandikia, uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Usiseme ni kukosa imani. Wafalme wa Kwanza sura ya 19, Eliya amekimbia kwa hofu hadi jangwani na anaomba kufa. Malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, anamwacha alale, anamwamsha ale tena, na ndipo safari ya kwenda kuisikia sauti ya Mungu inapoanza. Kulala na kula viko ndani ya Maandiko. Usiku wa radi, badala ya kuikimbiza Zaburi ya 91 kama mtu anayefukuzwa, washa taa, weka miguu sakafuni, amsha mume, mwambie akushike mkono, someni zaburi moja fupi polepole kwa sauti mbili.

Marejesho ya kikoba ni jambo la hesabu, wala si la kukemea pepo. Wahi kwa mwenyekiti katikati ya wiki, kabla ya Jumamosi, useme mume hana kazi na uombe marejesho yarefushwe. Vikundi vingi vina nafasi hiyo kwa anayesema mapema, na vina ukali kwa anayejificha. Usikope kwingine kulipa hapo. Na mume wako asikie hesabu yote, hata ile unayomficha ili asiumie.

Mafuta uliyonunua, usihangaike nayo. Yakobo sura ya 5 inawaambia wazee wa kanisa wampake mgonjwa mafuta na kumwombea, na hakuna mahali panapotaja bei. Ninachoogopa ni njaa ya kupata nguvu kwa haraka, ile iliyowafanya watu wakimbilie kukanyaga mafuta kwenye uwanja wa Majengo, Moshi, Februari 2020, wakakanyagana na 20 wakafa. Walikuwa watu wenye shida kama zako. Siwasemi kwa ubaya hata kidogo, bado nawalilia. Usinunue tena.

Umwambie mchungaji? Nadhani umwambie, kwa heshima, ukiwa na mumeo, na Biblia ikiwa wazi Zaburi ya 56 na Marko 14. Usiende kubishana. Mwombe asome nawe sura hizo mbili, kisha umweleze habari ya jirani yako. Inawezekana hajawahi kuombwa kitu kama hicho na muumini wake, na inawezekana naye alikuwa mtaani usiku ule. Akikusikiliza, umepata mchungaji. Akikurudisha kwenye chupa ya mafuta, bado una Marko, una mama mwenzako, na huko Ulongoni kanisa si moja tu.

Na siku itakayopita hujasoma, kwa sababu mtoto kaumwa au mnada wa samaki umechelewa, usilipe sura mbili kesho yake. Endelea ulipoishia.